Risasi ya Mbali na Kumbukumbu Yake: Kutoka Behobeho 1917 hadi Kigali 1994

Ikisiri

Historia ya ulengaji wa shabaha wa masafa marefu huandikwa kwa kawaida kutoka upande wa mtutu: jina la mlengaji, aina ya bunduki na idadi ya mita. Makala hii inaonesha kwamba historia ya Afrika Mashariki inadai usomaji mwingine, unaoanzia mahali risasi ilipotua. Matukio mawili ndiyo mihimili ya mjadala: kifo cha Frederick Courtenay Selous huko Behobeho, bonde la Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na mapigano ya Kimihurura jijini Kigali mwezi Aprili 1994. Matukio hayo yanalinganishwa na rekodi mashuhuri za dunia tangu mwaka 1874. Makala inahitimisha kwamba rekodi ya masafa huamuliwa na mwenye uwezo wa kupima na kuandika, na kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanaufanya umbali wa mita kuwa kipimo duni cha uzito wa tendo la kuua.

Istilahi za msingi: mdunguaji, shabaha, masafa, rekodi, kumbukumbu

1.0 Utangulizi

Jumba la Bunge la Rwanda, lililojengwa juu ya kilima cha Kimihurura jijini Kigali, lina ukuta wenye matundu ya risasi na makombora ya mwaka 1994. Matundu hayo yameachwa kwa makusudi. Juu ya paa la jumba hilo hilo imewekwa sanamu ya wanajeshi wawili na bunduki ya rashasha yenye kipenyo cha milimita 12.7. Mgeni wa Kigali anaweza kuviona vyote viwili kwa siku moja: paani chombo kilichopeleka risasi mbali, na ukutani alama za zile zilizokuja kutoka mbali.

Maandishi mengi kuhusu ulengaji wa masafa marefu hushughulikia kile cha kwanza tu. Msomaji huambiwa nani alifyatua, kwa bunduki gani, katika upepo gani na kutoka umbali gani. Aliyepigwa huingia katika sentensi ya mwisho, mara nyingi bila jina. Mtindo huo una sababu zake, kwa kuwa mengi ya maandishi hayo yalitungwa na majeshi au kwa ajili ya wapenzi wa silaha. Mwanahistoria wa Afrika Mashariki, hata hivyo, hana budi kujiuliza kama mtindo huo unatosha kueleza yaliyotokea katika eneo ambalo watu wake, kwa sehemu kubwa ya karne mbili zilizopita, wamekuwa upande wa kupigwa.

Makala hii ina hatua nne. Kwanza inachambua majina ambayo lugha tatu zimempa mlengaji wa mbali. Pili inafuatilia jinsi bunduki ilivyobadili maana ya umbali katika Rwanda na Tanganyika kati ya mwaka 1896 na 1917. Tatu inapima rekodi za dunia kwa kuuliza ni nani alizipima. Nne inarejea Kigali ya mwaka 1994, ambako swali la umbali linapata uzito ambao vitabu vya rekodi haviwezi kuubeba.

2.0 Majina Matatu ya Mlengaji

Neno la Kiingereza *sniper* lilizaliwa India katika karne ya 18. Askari na maofisa wa Kiingereza waliokuwa huko walipenda kuwinda ndege mdogo wa majimajini aitwaye *snipe*, ambaye hupaa kwa ghafla na kukata kona hewani, hata kumpiga kukahitaji ustadi mkubwa. Jina la mchezo wa uwindaji likahamia vitani. Chanzo chake, basi, ni burudani ya mwindaji.

Kinyarwanda kina neno *mudahusha*. Kitenzi *guhusha* ni kukosa shabaha, na kiambishi *-da-* ni cha ukanushi. Kwa hiyo mudahusha ni mtu asiyekosa. Jina hili linamsifu mtendaji kwa ustadi wake. Lina mizizi katika jamii iliyoujua ulengaji muda mrefu kabla ya bunduki: *kumasha*, yaani mashindano ya kulenga mishale, yalikuwa sehemu ya malezi ya vijana katika Rwanda ya kale, na *intego*, shabaha yao, ndilo neno ambalo leo Wanyarwanda hulitumia kwa maana ya lengo la kazi au la maisha.

Kiswahili nacho humwita *mdunguaji*, na wengine *mdunguzi*. Kudungua ni kukiangusha kilicho juu kwa kukipiga: embe mtini, ndege angani, na katika lugha ya habari hata ndege ya kivita. Neno hili halisemi kitu kuhusu mchezo wala kuhusu kutokosa. Linatazama kinachoanguka. Kiswahili pia kina *mlenga shabaha*, jina linalotosha uwanja wa michezo na uwanja wa vita kwa pamoja, lakini vyombo vya habari vya ukanda huu vimelipendelea zaidi mdunguaji kila habari inapohusu kifo.

Haifai kudai kwamba kila msemaji huyafikiria haya anapotamka neno. Tofauti hiyo, hata hivyo, ina manufaa kwa uchambuzi. Katika lugha ya kwanza mtazamo umekaa kwa mwindaji, katika ya pili kwa fundi, na katika ya tatu kwa yule aliyedunguliwa. Sehemu zinazofuata zinaufuata mtazamo huo wa tatu.

3.0 Umbali Unapobadilika: Kutoka Shangi hadi Rufiji

Mwaka 1896, huko Shangi karibu na Ziwa Kivu, majeshi ya ufalme wa Rwanda yalikishambulia kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichoongozwa na Luteni Sandrart. Wapiganaji wa Rwanda walikuwa na sifa kubwa iliyojengwa katika vita vya Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka uliotangulia. Walishindwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo Bisangwa, mmoja wa viongozi wakuu wa majeshi hayo. Ujasiri haukuwapungukia. Mkuki na mshale vilihitaji kumkaribia adui, na bunduki ilimwangusha mtu kabla hajafika mahali ambapo silaha yake ingekuwa na faida.

Funzo hilo lilirudiwa kwa uchungu zaidi kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo, kwa imani ya wafuasi wake, yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani hiyo imejadiliwa mno kama suala la dini na umoja wa makabila, na mijadala hiyo ni sahihi. Ilikuwa pia jibu kwa tatizo la kivita lililo wazi: jinsi ya kuvuka uwanja ulio kati ya mpiganaji na mtutu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Uwanja haukuvukika. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Upana wa makadirio hayo ni ushahidi wa namna vifo hivyo visivyohesabiwa.

Jeshi la Wajerumani lililozima vita hivyo, na lililoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914 likiwa na askari wa Kiafrika wapatao 2,500, lilikuwa bado na udhaifu mmoja. Sehemu kubwa ya askari walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye kipenyo cha milimita 11 na kutumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi. Askari aliyejificha nyuma ya mti angeweza kupiga mara moja tu kabla ya moshi kumfichua. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1880, ilikuwa tayari imeenea katika majeshi ya Ulaya, lakini ilifika polepole kwa askari wa makoloni.

Ushindi wa Tanga ulibadili hali hiyo. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 kikosi cha Waingereza na Wahindi kipatacho watu 8,000 kilishindwa na jeshi dogo la Paul von Lettow-Vorbeck, na kilipoondoka kiliacha ufukweni bunduki za kisasa, rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Meli zilizopenya vizuizi vya bahari mwaka 1915 na 1916 zililetea jeshi hilo silaha zaidi. Katika miaka hiyo hiyo umbali wa mizinga nao uliongezeka. Mwezi Julai 1915 meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliipiga manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, kutoka takriban kilomita 10. Mabaharia wa Kiingereza hawakuiona meli waliyoipiga. Ndege iliyokuwa juu ndiyo iliyowaelekeza. Wajerumani waliiopoa mizinga ya Königsberg, nayo ikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi wa Kiafrika.

Rwanda haikuwa pembeni. Kapteni Max Wintgens aliulinda upande wa Kivu akitumia askari wachache pamoja na Wanyarwanda waliofunzwa bunduki, walioitwa *indugaruga*, jina lenye asili moja na *rugaruga*, wapiganaji waliojulikana Unyamwezi tangu enzi za Mirambo. Vikosi vya Wabelgiji kutoka Kongo viliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Mji huo, ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ulikuwa bado kituo kidogo cha utawala juu ya kilima. Kwa mara ya kwanza ulibadilisha bendera kwa nguvu ya jeshi lililobeba bunduki za kisasa, na wengi katika jeshi hilo, kwa pande zote mbili, walikuwa Waafrika.

4.0 Behobeho: Aliyeuawa Ana Jina, Aliyeua Hana

Frederick Courtenay Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Kwa miaka mingi aliwinda tembo kusini mwa Afrika, akaandika vitabu, akaongoza msafara wa wakoloni wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland mwaka 1890. Vita vilipoanza alikuwa na umri wa miaka 62, na jeshi lilisita kumpokea. Hatimaye alikubaliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji na wasafiri wa kila aina, akaja Afrika Mashariki na kupewa nishani ya utumishi uliotukuka mwaka 1916.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, alikuwa Behobeho kaskazini mwa mto Rufiji, akiongoza askari wake dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Masimulizi ya dakika zake za mwisho yanatofautiana katika mambo madogo, lakini yanakubaliana katika jambo kuu: alikuwa akiwatafuta kwa macho walengaji waliojificha, na mmoja wao akampiga risasi ya kichwani. Alizikwa hapo hapo. Lettow-Vorbeck mwenyewe alimtaja kwa heshima katika kumbukumbu zake za vita. Wasifu wa Selous, ulioandikwa na J. G. Millais, ulichapishwa mwaka 1918. Mwaka 1920 sanamu yake iliwekwa katika jumba la makumbusho ya viumbe huko London. Mwaka 1922 pori la akiba lilipewa jina lake, na mwaka 1982 likaingia katika Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo, pamoja na kaburi lake, imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Huyo ndiye aliyedunguliwa. Mdunguaji hakuwekewa chochote. Masimulizi ya Kiingereza humwita mdunguaji wa Kijerumani na kumwacha hapo. Lakini neno Mjerumani katika vita hivyo lilitaja upande wa jeshi. Wengi wa wapiganaji wa Lettow-Vorbeck walikuwa askari wa Kiafrika: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wahehe, Wangoni na wengineo. Kuchukulia kwamba mkono uliofyatua ulikuwa wa Mzungu ni kukubali dhana isiyo na ushahidi. Hakuna aliyepima umbali wa risasi hiyo, kwa sababu jeshi lililopiga lilikuwa likikimbia na jeshi lililopigwa halikuwa na haja ya kuutukuza ustadi wa adui. Risasi mashuhuri kuliko zote katika historia ya vita vya Tanganyika haina mita wala mwenyewe.

Behobeho na Ngarambe ziko katika eneo moja la Rufiji. Matukio yake yametenganishwa na miaka 12 tu. Katika tukio la kwanza maelfu ya watu waliouawa kwa bunduki na njaa hawakuachiwa kaburi lenye jina. Katika la pili mtu mmoja aliachiwa kaburi na pori zima. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ujasiri, ustadi wala masafa. Inaelezwa na kalamu: Selous alikuwa na kikosi kilichoandika, rafiki aliyetunga wasifu na dola iliyotoa majina kwa ardhi.

5.0 Nani Alipima? Rekodi za Dunia

Kanuni hiyo hiyo inaonekana duniani. Mwezi Juni 1874, huko Adobe Walls katika jimbo la Texas, mwindaji wa nyati Billy Dixon alimwangusha mpiganaji wa Kihindi Mwekundu aliyekuwa juu ya farasi kilimani. Baadaye wapimaji wa jeshi la Marekani walitaja umbali huo kuwa yadi 1,538, yaani takriban mita 1,400. Dixon mwenyewe alikiri kuwa ilikuwa bahati. Ni kinyume kamili cha Behobeho: mlengaji ana jina, umbali umepimwa, na aliyeanguka hutajwa kama Mhindi tu. Katika matukio yote mawili walioshinda ardhi ndio waliochagua la kukumbuka.

Karne ya 20 iliongeza utaratibu. Mwaka 1967 nchini Vietnam, Carlos Hathcock wa Marekani alifunga darubini kwenye bunduki ya rashasha ya Browning yenye kipenyo cha milimita 12.7 na kupiga kutoka mita 2,286. Rekodi yake ilidumu miaka 35, mpaka mwezi Machi 2002, ambapo Wakanada wawili huko Afghanistan waliivuka, wa mwisho wao Rob Furlong kwa mita 2,430. Mwezi Novemba 2009 Mwingereza Craig Harrison alifikia mita 2,475 huko Musa Qala, umbali uliothibitishwa kwa vipimo vya setilaiti. Mwaka 2017 askari wa Kanada ambaye jeshi lake limelificha jina lake alipiga kutoka mita 3,540 nchini Iraki, na risasi yake ilikaa hewani kwa muda unaokaribia sekunde 10. Mwaka 2023 Ukraine ilitangaza mita 3,800.

Mambo matatu yanajitokeza katika orodha hiyo. Kwanza, kila rekodi ni ya jeshi lenye vyombo vya kupimia na ofisi ya kutoa taarifa. Mlengaji wa jeshi la msituni anaweza kupiga mbali kadiri gani, ataingia katika orodha ikiwa tu kuna taasisi ya kumthibitisha. Pili, waliouawa katika orodha nzima hawana majina. Tatu, umbali si ustadi mtupu. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, hivyo risasi hukutana na ukinzani mdogo. Kigali, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, ina hewa nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 14. Bunduki ile ile, ikilengwa vilevile, haitapeleka risasi sawa katika miji hiyo miwili. Milima ya Afghanistan iliwapa walengaji wake msaada ambao msitu wa Rufiji usingempa yeyote.

Upande wa anayepigwa, umbali una maana nyingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na risasi ya bunduki ya kivita huondoka mtutuni kwa zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo. Kwa hiyo risasi hutangulia na mlio hufuata. Aliyepigwa hausikii, na waliobaki huusikia wakiwa hawajui utokako. Hofu inayoenezwa na mdunguaji mmoja katika kikosi kizima ina chanzo hicho: onyo hufika likiwa limechelewa.

Hata mwenye rekodi haachwi salama. Jina la Harrison lilipotangazwa, yeye na familia yake waliwekwa katika hatari ya kulipizwa kisasi. Alisumbuliwa na majeraha ya nafsi, na baadaye akalipwa fidia na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Idadi ya mita iliwafaa wasomaji wa magazeti kuliko ilivyomfaa yeye.

6.0 Kigali 1994: Mkono na Kilima

Kigali ni mji wa vilima vinavyoonana. Kutoka Mlima Kigali, wenye urefu wa takriban mita 1,850, jicho hufika Nyarugenge, Kimihurura, Kacyiru na Rebero. Kwa mkazi hiyo ni fahari. Kwa mwanajeshi ni jedwali la masafa.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993, wanajeshi 600 wa RPF waliingia Kigali tarehe 28 Desemba 1993 kuwalinda viongozi wao waliotarajiwa kujiunga na serikali ya mpito. Waliwekwa katika jengo la CND, ambalo ndilo Bunge. Kambi ya kikosi cha walinzi wa rais ilikuwa jirani, ndani ya upeo wa bunduki. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipodunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji yalianza saa chache baadaye, na tarehe 7 Aprili jengo hilo likawa shabaha ya risasi na makombora. Askari 10 wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliuawa siku hiyo hiyo katika Kambi Kigali, ambako kuta zenye matundu zimehifadhiwa pamoja na nguzo 10 za ukumbusho.

Wanajeshi waliokuwa CND walipandisha rashasha ya milimita 12.7 juu ya paa. Ni kipenyo kile kile cha silaha ya Hathcock, lakini matumizi yalikuwa mengine. Makumbusho ya Kampeni Dhidi ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa ndani ya Jumba la Bunge mwaka 2017, yanaieleza bunduki hiyo kama kinga iliyosaidia kuwazuia washambuliaji na kuwafunika wanajeshi waliotoka kuwaokoa raia. Hakuna aliyeandika mita zake. Kinachokumbukwa ni watu waliopata kupita chini yake. Kipimo hicho ni cha haki zaidi, maana kinauliza risasi ya mbali ilikuwa ikilinda nini au ikiharibu nini.

Lakini historia ya Kigali ya mwaka huo haiwezi kuandikwa kwa kutazama vilima peke yake. Katika siku zipatazo 100, hadi RPF ilipoutwaa mji tarehe 4 Julai na mauaji yakasimamishwa mikoani katika wiki zilizofuata, zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa mujibu wa takwimu za Rwanda. Bunduki na mabomu ya mkono vilitumika, hasa makanisani na katika majengo walimokimbilia watu. Wengi, hata hivyo, waliuawa kwa panga na rungu, kwenye vizuizi vya barabarani na katika nyua za nyumba zao, na watu waliowafahamu kwa majina. Umbali ulikuwa urefu wa mkono.

Hapa fikra ya kawaida kuhusu umbali inakwama. Imezoeleka kusemwa kwamba silaha za mbali hurahisisha kuua kwa sababu muuaji hauoni uso wa anayekufa. Mdunguaji ni pingamizi la kwanza: darubini yake humletea uso ule karibu kuliko askari mwingine yeyote wa kisasa anavyouona. Kigali ni pingamizi la pili, na ni zito zaidi. Waliokuwa karibu kabisa waliua, kwa sababu umbali ulikuwa umekwisha kujengwa kwa njia nyingine. Kitambulisho chenye kabila, kilichoingizwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, kiliweka mstari kati ya majirani. Redio RTLM na magazeti ya chuki yakawaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende. Darubini humleta karibu mtu aliye mbali. Propaganda ilimpeleka mbali mtu aliye karibu, mpaka jirani akaonekana kitu kisicho mtu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitambua nguvu hiyo ya maneno ilipowatia hatiani watu wa vyombo vya habari mwaka 2003.

Kwa wanataaluma wa lugha, hitimisho dogo linajitokeza. Uchaguzi wa neno la kumwita mtu ni sehemu ya historia ya silaha. Lugha ya rekodi inayomwita aliyeuawa *shabaha* haifanani kwa ubaya na lugha ya RTLM, na haifai kulinganishwa nayo kana kwamba ni sawa. Zote mbili, hata hivyo, huanza kwa kumwondolea mtu jina lake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba rekodi ya masafa marefu ni zao la mambo matatu: silaha, mazingira na taasisi ya kuandika. Shangi na Mahenge zilikuwa na silaha na mazingira, lakini waliopigwa hawakuwa na taasisi. Behobeho ilikuwa na taasisi upande wa aliyekufa, kwa hiyo mdunguaji akapotea. Adobe Walls na Musa Qala zilikuwa na taasisi upande wa mtutu, kwa hiyo waliokufa wakapotea.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwa wanahistoria wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki: askari, wapagazi na indugaruga watafutwe katika orodha za mishahara, kesi za madai ya malipo na masimulizi ya familia, ili sentensi ya mdunguaji wa Kijerumani isiendelee kurudiwa bila kuhojiwa. La pili ni kwa watunzi wa istilahi na vitabu vya shule: Kiswahili kitumie neno mdunguaji kwa uangalifu, na kila rekodi inapotajwa darasani, swali la nani alianguka liulizwe pamoja na swali la mita ngapi. Mwanafunzi wa Kigali anayetembelea Kimihurura tayari ana kielelezo cha swali hilo. Ukuta wa Bunge haukuandika jina la aliyefyatua wala umbali aliosimama. Ulihifadhi mahali risasi ilipofika, na kwa kazi ya historia hapo ndipo pa kuanzia.